Je, Wajua? Mlango Huu Ulifungiwa Nani?

Kule Uingereza, jamii nzima hufunga safari wikendi kwenda mashambani kutazama nyumba za mabwana wa zamani, bustani zao na makaburi yao. Mkazi wa Kiamaiko akipanda matatu Barabara ya Juja anaweza kukutana na historia hiyo hiyo upande wa pili: nyumba zilizojengwa na mabwana wale wale, na nyingine zilizojengwa ili watu wetu wakae mbali nao. Twende mbio mbio. Kila ukifika langoni, uliza maswali mawili: nani alizuiwa kuingia hapa, na nani aliufungua mlango?

HAPA HAPA MTAANI

1. Kabla mabati hayajajaa, Bonde la Mathare lilikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea. Mawe yalipanda kwenda kujenga jiji ambalo Mwafrika hakutembea ndani yake bila kuulizwa kipande.

2. Kambi ya Jeshi la Wanahewa ya Moi, ile tunayopakana nayo, ilikuwa kituo cha ndege za kivita za Waingereza, na abiria wa kawaida pia walitua huko. Mambo yalibadilika uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka wa 1958. Na Embakasi nayo ilichimbwa na nani? Na wafungwa waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, wakidaiwa kuwa Mau Mau.

3. Hospitali ya Mathari, tunayoipita kila siku tukielekea Pangani, imekuwa ikitibu wagonjwa wa akili tangu 1910.

4. Hospitali ya akina mama ya Pumwani ilianza 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Kwa hiyo, kama ulizaliwa Pumwani, jengo lako la kwanza la kihistoria ulilitembelea ukiwa hujafungua macho.

5. Kaloleni, mtaa wa nyumba za mawe na miti mikubwa, ulijengwa miaka ya 1940, na miongoni mwa mafundi wake walikuwemo Waitaliano waliotekwa vitani. Ramani yake ilifuata wazo la Mwingereza Ebenezer Howard, aliyeandika mwaka wa 1898 kwamba mfanyakazi anastahili mji wenye bustani ndani yake. Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa 1903 katika mashamba ya Hertfordshire. Leo watu husafiri kwenda kuutazama Letchworth. Binamu yake yuko Eastlands, karibu na Barabara ya Jogoo.

6. Ukumbi wa Kaloleni ulisifika kama bunge la Waafrika zamani zile ambapo bunge lenyewe lilikuwa la wengine. Siasa za uhuru zilipikwa humo, na Tom Mboya ni mmoja wa waliohutubia pale.

7. Umewahi kujiuliza Ofafa ni nani? Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Jina lake limebaki katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, mitaa iliyojengwa na Baraza la Jiji.

8. Uwanja wa Kamukunji hauna ukuta wa marumaru wala tiketi. Ni nyasi na vumbi. Hata hivyo, tarehe 7 Julai 1990 watu waliitwa wakutane hapo kudai vyama vingi, serikali ikapiga marufuku, wakaenda hivyo hivyo. Saba Saba ikaanzia hapo.

KATIKATI YA JIJI

9. Soko la Kariokor lipo mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliokufa kwa njaa, homa na kuhara walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Sanamu yao ipo Kenyatta Avenue tangu miaka ya 1920: watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake yako katika lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mombasa na Dar es Salaam nazo zina sanamu zao za vita hivyo hivyo.

10. Maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931. Mjane Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mwaka wa 1962, Baraza la Jiji lilipoichukua, ndipo ikawa ya kila mtu.

11. Maktaba hiyo ina sheria yake yenyewe, iliyotungwa mwaka wa 1938 kwa ajili ya jengo hilo peke yake. Ni majengo machache mno duniani yanayoweza kujivunia hivyo.

12. McMillan mwenyewe amezikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ule Kilimambogo unaouona ukienda Thika. Alikuwa mtu wa kilo nyingi, na inasimuliwa kwamba safari ya kumpandisha kileleni ilikatikia njiani, akazikwa walipofika.

13. Maktaba hiyo ina watoto wawili Eastlands: tawi la Kaloleni na tawi la Makadara. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati yote mawili.

14. Lori la mbuzi likitoka Moyale au Marsabit kuja Kiamaiko, kilomita zake zinahesabiwa hadi wapi? Hadi jengo la mawe kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Lilijengwa 1913, likawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Vizazi, ndoa na vifo viliandikwa humo. Sasa ni Nairobi Gallery, na sakafuni pana alama ya nukta sifuri ya kupimia umbali.

15. Vitu vilivyomo humo ni vya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyeshika kiti hicho 1966 kwa miezi michache tu. Alikusanya sanaa ya Afrika nzima. Vitabu vyake, vikiwemo maelfu vilivyochapishwa kabla ya 1900, vimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, jengo lililokuwa benki.

16. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1904. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika karibu nayo kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe kutoka kituo cha polisi. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakaripia wanaume waliokuwa wakisitasita, kisha risasi zikafyatuliwa. Naye alikuwa miongoni mwa waliouawa.

17. Jumba la Makumbusho ya Reli, lililoanzishwa 1971, lina behewa ambalo ndani yake simba alimchukua afisa wa polisi Charles Ryall kituoni Kima, mwaka wa 1900. Ryall alikuwa amekuja kumwinda simba huyo. Usingizi ukamshinda.

18. Makumbusho ya Taifa yalifungua jengo lake la sasa mwaka wa 1930, likiitwa Coryndon kwa jina la gavana. Watu wa Marsabit wakifika pale hukutana na mwenzao: Ahmed, ndovu wa mlima Marsabit, aliyelindwa usiku na mchana kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta. Alikufa 1974. Mifupa yake imo ndani, na sanamu yake ya ukubwa kamili iko uani.

19. Msikiti wa Jamia unaouona leo, wenye kuba tatu, ulijengwa kati ya 1925 na 1933. Uingereza nayo ina msikiti wa kihistoria nje ya London: Shah Jahan, mjini Woking, Surrey, uliojengwa 1889 kwa fedha za mtawala mwanamke wa Bhopal, India. Umepewa ulinzi wa daraja la juu kabisa la majengo ya nchi hiyo.

MABWANA WA MASHAMBA

20. Shirika linalotunza nyumba nyingi za mashambani Uingereza, National Trust, lilianzishwa 1895 na watu watatu: Octavia Hill, Robert Hunter na kasisi Hardwicke Rawnsley. Jengo lao la kwanza, nyumba ya makasisi kijijini Alfriston, walilinunua 1896 kwa pauni 10. Paa lilikuwa la nyasi na kuta zilikuwa zikianguka. Leo wanachama wake ni zaidi ya milioni tano.

21. Usidhani mabwana hao walifungua malango kwa ukarimu. Kodi ya urithi ilipanda, vita viwili vya dunia vikawamaliza watumishi na warithi, na kuta kubwa zikageuka mzigo. Sheria ya 1937 ikawapa njia: toa nyumba kwa shirika, uendelee kuishi humo, na wananchi waingie kwa tiketi.

22. Ngome ya Lord Egerton iliyoko Njoro ina vyumba 52. Ilianza kujengwa 1938, Vita vya Pili vikaikatiza, ikakamilika 1954. Mwenyewe aliishi humo miaka minne tu, akafa 1958 bila mke wala mtoto, na cheo cha ukoo kikafa naye.

23. Mwaka huo huo, nyumba ya ukoo wake kule Cheshire, Tatton Park, ikaenda kwa National Trust. Ukiitembelea leo utakuta ukumbi wenye vichwa vya wanyama alioua, wengine wao wa Afrika. Yaani mtu mmoja ana nyumba mbili za makumbusho katika mabara mawili.

24. Simulizi za Njoro husema alimposa mwanamke, mwanamke akaidharau nyumba yake ya kwanza kuwa ya kuku, naye akajenga ngome kwa hasira. Lililo wazi ni kwamba hakutaka wanawake waikaribie. Siku hizi ngome iko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na Jumamosi haipiti bila maharusi kupigwa picha ngazini. Wanaoshika shada la maua ni wale wale aliowafungia mlango.

25. Lord Delamere naye alitoka Cheshire hiyo hiyo, jumba la Vale Royal. Sanamu yake ilitazama barabara iliyoitwa Delamere Avenue. Uhuru ulipofika 1963, barabara ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ikapelekwa shamba la familia, Soysambu.

26. Ikulu ya Nairobi ilichorwa miaka ya 1920 na Herbert Baker, aliyekuwa amechora pia majengo ya serikali ya Pretoria na sehemu ya New Delhi. Nyumba alikozaliwa na alikofia, Owletts, iko kijijini Cobham, Kent, na imo mikononi mwa National Trust. Kule unaingia kwa tiketi. Huku, mpaka ualikwe.

27. Winston Churchill alikuja Kenya 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, akapokewa na McMillan katika shamba lake la Juja. Kwa hiyo barabara yetu imebeba jina la mahali Churchill alipofikia kama mgeni. Jumba lake mwenyewe, Chartwell, liko Kent na hutembelewa na umma tangu 1966.

28. Robert Baden-Powell alifanya kambi ya kwanza ya skauti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Dorset, ambacho leo ni mali ya National Trust. Nyumba yake ya mwisho ni kibanda kidogo kiitwacho Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, Nyeri. Alifariki humo tarehe 8 Januari 1941. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati. Kila skauti anajua maana yake: nimekwenda nyumbani.

29. Katika makaburi hayo hayo ya Nyeri amelala Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara wa India, aliyefariki 1955. Alihamia Paxtu baada ya Baden-Powell. Mwezi Februari 1952 alikuwa katika hoteli ya Treetops na binti mfalme Elizabeth, usiku ule mfalme, baba yake Elizabeth, alipofariki. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops hiyo.

30. Nyumba ya mwandishi wa Denmark, baronesi Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong ilijengwa 1912 na Msweden, Blixen akaishi humo hadi 1931 kahawa iliposhindikana. Denmark iliinunua 1964 ikaipa Kenya kama zawadi ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa 1986. Watazamaji wa filamu ya 1985 kuhusu maisha yake hushangaa kusikia kwamba haikupigwa ndani ya nyumba hii, ilipigwa nyumba nyingine ya jirani. Ukiwa pale, muulize mwongozaji habari za Farah Aden, Msomali aliyeendesha kila shughuli ya nyumba hiyo, na Kamante Gatura, mpishi. Bila hao wawili, wageni wa baronesi wangelala njaa.

31. Na je, wajua Jomo Kenyatta aliishi mashambani Uingereza? Wakati wa Vita vya Pili alikuwa kijijini Storrington, Sussex, akifanya kazi ya shamba na kutoa mihadhara kuhusu Afrika. Miaka ishirini baadaye Waingereza wakamweka katika nyumba nyingine, Maralal, akiwa kizuizini mwaka wa 1961. Nyumba hiyo ya Samburu leo ni makumbusho.

BUSTANI

32. Msitu mdogo wa Arboretum ulianza 1907 kwa sababu ya moshi: reli ilihitaji kuni, na maafisa wa misitu walitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka hapa. Leo ni mahali pa kukimbia asubuhi na kusali mchana.

33. City Park, hapo Parklands, ndiyo bustani kubwa iliyo karibu nasi zaidi. Kima wake hawaombi ndizi, huchukua. Humo amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Murumbi, rafiki yake, alitaka azikwe karibu naye, na alizikwa hapo.

34. Jumba la Murumbi la Muthaiga, hata hivyo, huwezi kulitembelea. Aliliuzia taifa liwe taasisi ya utafiti wa Afrika. Halikuwa taasisi, na hatimaye lilibomolewa.

35. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka wa 1991 wakubwa walitaka kuijenga. Mjukuu wake, Zarina Patel, akapiga kelele, wakazi wakamuunga mkono, na nyasi zikabaki. Ukifika mchana utakuta wazee na vijana wakibishana siasa bila spika wala kipaza sauti.

36. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kupandisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua, wabunge wakamtukana, wafadhili wakajitoa. Jumba halikujengwa.

37. Januari 1999 mama huyo huyo alipigwa na wahuni katika msitu wa Karura akipinga unyakuzi wa ardhi. Msitu huo, uliotangazwa rasmi 1932, una zaidi ya hekta 1,000, maporomoko ya maji na mapango waliyojifichia Mau Mau. Lango lake la Barabara ya Kiambu liko ng'ambo tu ya Muthaiga.

38. Ukielekea huko utapita Muthaiga Club, ya kuta za waridi, iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914. Hadi leo ni ya wanachama na wageni wao. Si kila lango la orodha hii limefunguka.

KABLA HUJATOKA

39. Beba kitambulisho. Katika majumba ya makumbusho ya taifa, raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa kidogo zaidi. Kamukunji, Jeevanjee na barabara za Kaloleni ni bure.

40. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa turathi hata kama halikukaliwa na bwana yeyote. Ukumbi wa mtaa unaweza. Machimbo yanaweza. Tazama orodha hii tena: Jeevanjee ipo kwa sababu wakazi walikataa, Karura ipo kwa sababu mwanamke mmoja alikubali kupigwa, na jumba la Murumbi halipo kwa sababu hakuna aliyesimama mlangoni. Sasa taja jengo moja la Kiamaiko, Huruma au Mathare ambalo wajukuu wako wangepaswa kulikuta. Umelipata? Basi anza kulipiga picha, na wahoji waliolijenga wangali hai.